Programu Nne na Sauti ya Shangazi

Mume wangu alikuwa na programu nne za kurekodi muziki, na hakuwa na wimbo hata mmoja aliourekodi. Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima, na ndiyo iliyonifikisha mahali pa kuanza kuogopa kurudi nyumbani nikitoka kazini.

Tulikuwa tunakaa Temeke, upande wa Mtoni, katika nyumba niliyoachiwa na marehemu baba. Naitaja nyumba mapema kwa sababu mume wangu hakusahau hata siku moja kwamba ni ya ukweni. Kwao ni Newala. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akaingia kiwanda cha nguo kama fundi umeme. Kiwanda kile kilikuwa na bendi yake, kama mashirika mengi ya umma siku hizo, na yeye kwa mapenzi yake tu akawa ndiye anayefunga spika na kuchanganya sauti kila bendi ilipopiga. Nilimfahamia huko huko dansini. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya vitufe, kichwa amekilaza upande, kama mtu anayenong'onezwa jambo. Watu wote walikuwa wanawatazama waimbaji. Mie nikawa namtazama yeye.

Kisha zikaja siku za wawekezaji. Kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapigwa redandansi, na vyombo vya bendi vikapakiwa kwenye lori bila mtu kuambiwa vinapelekwa wapi. Wenzake waliopata kiinua mgongo walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua vioski, wengine wakanywa mpaka kikaisha. Yeye alinunua kompyuta iliyotumika, kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa, pamoja na kadi ya sauti, maiki na spika mbili.

"Studio za mjini hazishikiki kwa bei," aliniambia. "Mie nitakuwa na yangu hapa hapa nyumbani, ya watu wa kawaida."

Nilimwamini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, na kwetu kompyuta zilikuwa zimeshaingia, kwa hiyo sikuiona mashine ile kuwa kitu cha ajabu. Tulisafisha chumba cha uani alichokuwa akilala baba. Tukabandika trei za mayai ukutani ili sauti isigonge na kurudi, tukaning'iniza magunia mlangoni. Chumba kikawa kimya, na kikawa na joto la kumchemsha mtu. Kilichobaki kilikuwa programu, na hapo ndipo mume wangu alipokwama.

Programu ya kwanza ilikuja yenyewe pamoja na kadi ya sauti. Ilikuwa inarekodi sauti moja tu kwa mkupuo, kama redio kaseti. Aliidharau tangu siku ya kwanza. "Hii ni ya kurekodia salamu," alisema.

Ya pili ilikuwa demo. Rafiki yake aliyekuwa mlinzi kwenye nyumba ya Mzungu mmoja Msasani alimletea diski iliyotoka ndani ya jarida la ng'ambo. Ilikuwa nzuri, ina kila kitu, ila ilikataa kuhifadhi. Unarekodi, unasikiliza, unafurahi, halafu ukizima mashine kazi yote imekwenda.

Ya tatu ilitengenezwa na mtu mmoja tu huko Ulaya. Alikuwa anaigawa bure ikiwa na traki mbili, yaani unaweza kurekodi sauti mbili mbali mbali na kuziweka pamoja. Ukimtumia dola chache kwa posta, anakutumia namba ya kuifungulia traki nane. Ya nne ndiyo waliyokuwa wakiitumia wakubwa. Yenyewe hasa hatukuwa na uwezo hata wa kuiulizia bei, lakini Kariakoo, ghorofani, palikuwa na duka lililokuwa linaiuza kwenye sidii ya kukopi iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito.

Mie niliona jambo lenyewe ni dogo. Maduka ya kubadilisha fedha yalikuwa yamejaa mjini. Tukanunue dola, tumpelekee yule mtu wa Ulaya, kazi ianze.

"Nimpelekee dola mtu nisiyemjua?" aliniuliza. "Na traki nane zitatosha nini? Ngoma peke yake inakula nne."

"Basi chukua ya Kariakoo."

"Ile inataka mashine yenye nguvu. Hii yetu itaganda."

"Basi anza na ile ndogo."

Hapo alikuwa ananitazama kama nimemtukana.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Nikifika nyumbani namkuta uani amekaa mbele ya kompyuta, anaingiza programu moja, anaitoa, anaingiza nyingine, anajirekodi mwenyewe akihesabu moja mbili tatu. Binti yetu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alizoea kuisikia sauti ya baba yake ikihesabu kutoka uani mpaka akawa haigeuzii kichwa. Vijana wa kurap walikuja kutoka Sinza, wamesikia kuna studio ya bei poa Temeke. Aliwaambia warudi wiki ijayo. Wakarudi, akawaambia bado anaangalia programu ipi itafaa. Walikuwa na adabu. Walimwita braza, wakamshukuru, na hawakuonekana tena.

Mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha. Sikuwahi kumwambia neno juu ya hilo, lakini nadhani kule kutosema nako alikusikia. Alianza kula kidogo. Nikimwekea samaki, anampa mtoto. Alianza kusema "nyumba yenu" badala ya "nyumba yetu," na alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayesahihisha kosa la uandishi.

Siku moja nilimuuliza waziwazi. "Kwani unaogopa nini?"

"Nikianza na programu mbaya, nitakuwa nimeanza vibaya," akasema. "Watu wakisikia kazi mbovu mara ya kwanza, basi tena. Sina kiinua mgongo kingine."

Niliondoa vyombo nikaenda kuosha.

Aliyeyavuruga yote alikuwa shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu waliokuwa wakiimba kwenye maharusi, kwa madufu na vigelegele, bila chombo kingine chochote. Alikuwa na sauti pana iliyojaa ua mzima, na hakuwa mtu wa kuambiwa arudi wiki ijayo. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, maharusi yamepamba moto kabla ya Ramadhani, na watu walikuwa wanawaulizia kanda.

Aliingia moja kwa moja mpaka uani.

"Shikamoo shangazi," mume wangu alisimama.

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia una mashine ya kurekodi."

"Ninayo, shangazi, ila bado nachagua programu..."

"Mie sijui hayo. Ukishachagua usichague tena. Sie tunakuja Jumamosi."

Aliondoka. Mume wangu alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Kesho yake alikwenda Kariakoo akarudi na ile sidii.

Lazima niseme haki yake: wiki ile alikuwa mtu mwingine. Aliamka mapema, akanyoa ndevu, akapiga mluzi. Programu ile kubwa iliganda mara kwa mara, lakini aliivumilia, akajua pa kuibembeleza. Na akataka kufanya mambo kama wanavyofanya studio kubwa. Kila mwimbaji arekodiwe peke yake, amevaa hedifoni, halafu sauti zote zije kupangwa.

Akina mama walikuja wamevaa sare zao za khanga. Walipoambiwa waingie mmoja mmoja walitazamana. Hawajawahi kuimba bila kuonana nyuso. Shangazi akatangulia. Akasimama kati ya trei za mayai, hedifoni zimemkalia juu ya ushungi, akaimba ubeti mmoja akanyamaza.

"Mkwe wangu," alisema, "humu ndani namwimbia nani?"

"Imba tu, shangazi. Wenzako nitakuletea baadaye."

Aliimba. Wote waliimba, kila mmoja kwa zamu yake, siku baada ya siku, wakitoka mle wamelowa jasho kama waliokuwa wanatwanga. Mie nilikuwa nasikiliza mlangoni. Sauti zilikuwa safi, lakini zilikuwa zinaenda kwa tahadhari, kama watu wanaopita kwenye sakafu yenye maji. Mume wangu alisema hilo litarekebishwa wakati wa kuchanganya. Aliketi na sauti zile akizipandisha na kuzishusha, kichwa kimelala upande, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kiuzwe nikamwona yule mtu wa dansini. Nilifurahi. Nilimpelekea chai akaipokea bila kugeuka, na sikujali.

Kabla hajamaliza, programu ikajifunga. Aliwasha kompyuta asubuhi, na badala ya nyimbo likatokea dirisha dogo linalodai namba. Bila namba, haikufungua chochote, na kazi zote zilikuwa zimehifadhiwa kwa namna ambayo programu nyingine haikuweza kuzisoma. Alirudi Kariakoo. Mwenye duka alimwambia yeye huuza sidii, hauzi namba, akampa kopi nyingine ajaribu. Alipoiweka ile nyingine, mashine iliwaka nusu, ikazima, na haikuwaka tena. Fundi wa kompyuta aliyeiangalia alisema imeingiwa na kirusi na hakuna njia ila kufuta kila kilichomo na kuanza upya.

Mume wangu alimkubalia. Alisimama pale wakati kinafutwa, alinisimulia, akiangalia mstari mdogo ukitembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia.

Kesho yake nilipotoka kazini sikumkuta. Begi lake dogo halikuwepo, wala bisibisi zake na koleo. Binti yetu alisema baba amemwambia awe mtiifu. Nililala na mtoto chumba kimoja, mlango nimeurudishia tu bila komeo, nikifikiri labda atakuja. Asubuhi nikaenda kazini kama kawaida, nikapiga chapa barua za watu za kudai mizigo yao, na hakuna aliyejua lolote.

Shangazi alikuja kuuliza kanda. Nilimweleza yote, tumekaa kwenye mkeka barazani. Nilitegemea atapandisha hasira. Alisikiliza, akakunja ncha ya khanga yake, akaikunjua.

"Nyimbo zimefutika zote?"

"Zote, shangazi."

"Na yeye yuko wapi?"

"Sijui."

Hapo ndipo nilipolia, na shangazi aliniacha nilie bila kuninyamazisha. Nilipomaliza alisema, "Nyimbo si kitu, tunazo vichwani. Mashine imebaki na nini?"

Ilikuwa imebaki na ile ndogo, ya kurekodia salamu. Fundi alikuwa ameirudisha pamoja na kadi ya sauti, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na diski yake halali.

Jumapili wakaja wote. Niliomba Mungu sana, maana sasa ilibidi nirekodi mie, na kazi yangu ni barua. Programu ile haikuwa na traki wala vitufe vya kupandisha na kushusha. Ilikuwa na kitufe chekundu cha kuanza na cha kusimamisha, basi. Chumba cha uani hakikuwatosha, kwa hiyo nilivuta waya, nikaiweka maiki ukumbini, juu ya kiti, katikati ya watu. Waliimba mstari mmoja wa kujaribu. Nikasikiliza, nikaona sauti moja nyembamba inamezwa, nikamwambia mwenyewe asogee mbele. Shangazi alikuwa anawafunika wote, nikamrudisha mpaka mlango wa jikoni, akaenda huku akicheka. Wapiga dufu nikawaweka dirishani. Kila kitu kilichohitaji kupandishwa au kushushwa, mtu wake alisogea kwa miguu yake.

Halafu wakaimba, wanaonana. Sitaki kutia chumvi: haikuwa safi kama ile ya kwanza. Wimbo mmoja ulipitiwa na honi ya gari, mwingine tukaukatisha kwa adhana, tukangoja waliokwenda kuswali warudi. Lakini walikuwa wanaitikiana, mmoja akichelewa mwenzake anamngoja, na kwenye wimbo wa kumuaga bibi harusi mmoja wao alishindwa kuendelea kwa kilio na wengine wakambeba mpaka mwisho. Nilizihamisha nyimbo zote kwenye kaseti siku ile ile, nikiogopa umeme usije ukakatika, na shangazi akaondoka nayo ameifunga kwenye pembe ya khanga.

Habari za mume wangu nilizipata kwa rafiki yake, yule mlinzi wa Msasani. Kumbe mume wangu alikuwa Mbezi Beach, kwenye hoteli iliyokuwa inajengwa, anatandaza nyaya na analala huko huko. Sikumfuata. Nilitaka sana kumfuata, lakini kila nilipowaza nitamwambia nini, maneno yalikuwa yanatoka kama ya bosi.

Alirudi mwenyewe, Ramadhani imekwisha, siku za Idi. Alimletea mtoto viatu. Kaseti ya shangazi ilikuwa imeshasambaa mtaani, na jirani wa upande wa pili alikuwa ameifungulia. Mume wangu alikaa kwenye ngazi, akasikiliza wimbo mzima.

"Hii mmerekodi wapi?"

"Hapa ukumbini."

"Kwa programu ipi?"

Nilimwambia. Akaendelea kusikiliza mpaka wimbo wa pili ukaanza.

"Dufu liko juu mno," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nalisikia siku zote na sikujua ni nini kilichokuwa kinanikera. Lakini pale nilipandwa na hasira ambayo sikujua kuwa ninayo, nikamwambia kama lilikuwa juu, aliyestahili kulishusha alikuwa Mbezi. Alitikisa kichwa kukubali. Hakujitetea. Kule kutojitetea kwake kuliniuma kuliko kama angenipiga kelele.

"Nilidhani nikiipata programu yenyewe hasa," alisema baadaye, mtoto amemlalia mapajani, "mambo yatarudi. Bendi, kiwanda, yote. Najua ni ujinga."

"Si ujinga."

"Wewe umeichukua ile ya salamu ukafanya kazi. Mie mwaka mzima."

Nilitaka kumwambia kuwa mie sikuwa na cha kupoteza, ndiyo maana ilikuwa rahisi. Nilitaka kumwambia pia kwamba kusogeza watu nilijifunza kwake, dansini, alipokuwa akiwaambia wapiga tarumbeta warudi nyuma. Adhana ya magharibi ikalia, akasimama kwenda kutawadha.

Miezi michache baadaye kaseti ya shangazi ilikuwa inauzwa na machinga mpaka Manzese, kwenye kava la karatasi lisilo na jina la mtu, na kikundi hakikupata kitu. Shangazi alipita akilaani wezi. Mume wangu alimsikiliza, akaniangalia, na sote wawili tukatazama chini, maana ile sidii ya Kariakoo ilikuwa bado ipo kabatini. Wiki ile alikwenda mjini akanunua dola. Alimwandikia yule mtu wa Ulaya kwa Kiingereza, mie nikaipiga chapa. Tulikaa muda mrefu tukijua tumeliwa. Kisha ikaja bahasha yenye namba, na kikaratasi cha kututakia kazi njema.

Traki nane zilitosha. Mie na shangazi tulirekodi kanda ya pili, na baadaye vikundi vya kaswida na kwaya moja ya vijana wa Mtoni. Mume wangu alinifundisha kupanga sauti, kwa uvumilivu, siku alizokuwa nyumbani. Lakini siku hizo zilikuwa za mwisho wa wiki tu. Hoteli ilipomalizika walimwajiri kuangalia umeme na spika za ukumbini, na alipendelea kulala kule. Kila mtu mtaani alijua ana mke Temeke na kazi Mbezi, na hakukuwa na ugomvi wowote wa kusimulia.

Mara moja nilikwenda na mtoto kumtembelea. Tulimkuta nyuma ya jukwaa, kuna harusi ya watu wenye nafasi, amevaa shati jeupe la hoteli. Bendi ya kukodi ilikuwa inajaribu vyombo. Alituonyesha pa kukaa, akatuletea soda, akarudi kwenye meza yake. Nilimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mzima wa afya, alikuwa amenenepa kidogo. Mtoto aliniuliza kama baba atarudi na sisi leo. Nikamwambia ana kazi, anywe soda yake.